Wanatuuliza Tunajisikiaje

Kuna swali moja ambalo sisi wazee wa Jangwani tumekwisha kuulizwa hata tumelichoka: "Mnajisikiaje?" Wanaotuuliza si waganga, wala si jamaa waliokuja kutupa pole. Ni wasomi wenye shahada zao, wanaoitwa wanaethnolojia, yaani wataalamu wa kuchunguza mila na maisha ya watu. Zamani wataalamu hawa walikuwa wakiuliza tunaoanaje, tunazikanaje na tunakula nini. Siku hizi wamehamia moyoni. Wanataka kujua kwamba mtu akioneshwa picha ya kitu cha mababu zake kilichomo kabatini katika makumbusho ya Ulaya, moyo wake hufanya nini. Anapata uchungu, fahari, hasira, au hapati chochote? Na je, anakiona kitu kile kuwa ni chake, na yeye mwenyewe kuwa ni wa watu wale waliokitengeneza?

Ndugu msomaji, sina ugomvi na elimu. Nimetoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, nikafundisha historia na Kiswahili mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu, na chaki ndiyo iliyonilisha. Lakini nimeitazama elimu hii ya kupima hisia jinsi inavyofanywa, na nimeamini kwamba ni njia ya adabu sana ya kukwepa jambo. Mtu aliyeshika mali ya mwenzake, halafu akamwuliza mwenzake huyo anajisikiaje, amekwisha kulihamisha shauri kutoka kwenye mali na kulipeleka kwenye moyo wa aliyenyang'anywa. Shauri la mali huishia kwenye hukumu. Shauri la moyo huishia kwenye ripoti.

Nitoe mfano nisije nikadhaniwa nasema hewani. Miaka michache iliyopita alifika barazani kwetu, huku tunakopakana na bonde la Msimbazi, binti mmoja mtafiti kutoka ng'ambo. Chuo kilichomtuma sitakitaja. Alikuwa na heshima zake, alitupa shikamoo bila kukosea, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya wajukuu zetu. Tulikuwa watu saba. Akatoa kishikwambi akatuonesha picha ya mwanahiti.

Kwa asiyemjua, mwanahiti ni kinyago kidogo cha mti cha Wazaramo. Hana mikono. Ana kiwiliwili kama gogo dogo, matiti na kitovu, na juu ya kichwa ana kishungi kilichogawanyika. Alikuwa akikaa na mwali ndani, siku zile mwali akiwekwa ndani kweli kweli, na mwali akimtunza kwa mafuta na shanga kama anavyotunzwa mtoto. Picha aliyotuonesha binti ilikuwa safi, nyuma yake kweupe, na kwenye kona palikuwa na namba. Jina hapakuwa.

Tukaulizwa mmoja mmoja. Mzee aliyefanya kazi bandarini akasema yeye ni mtu wa Kigoma, haoni kitu hapo ila mti. Mwingine akasema anaona haya kwa sababu mambo ya unyago hayasemwi mbele ya wanaume. Ikafika zamu ya Bi Mkubwa mmoja, jirani yetu, mzaliwa wa upande wa Maneromango. Akakishika kile kishikwambi, akakisogeza mbali kidogo kwa sababu ya macho, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Huyu aliazimwa na nani?"

Binti hakuelewa. Bi Mkubwa akamfafanulia kama anayemwambia mjukuu. Kwao mwanahiti hakuwa wa mtu mmoja. Alikaa na ukoo, kwa bibi mkubwa wa ukoo. Mwali akiingia ndani, huazimwa. Akitoka, hurudishwa, angoje mwali mwingine. Ndiyo maana anauliza: nani alimwazima huyu, na kwa ajili ya mwali gani? Binti akasoma maelezo aliyokuwa nayo. Yalisema tu kwamba aliletwa na ofisa mmoja kabla ya vita vya 1914. Bi Mkubwa akasema, "Basi hajarudishwa," akamrudishia kishikwambi chake.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na binti, na mwalimu hata akistaafu haachi kuchungulia daftari la mwanafunzi. Kwenye dodoso lake palikuwa na vijisanduku: huzuni, furaha, hasira, fahari, sijali. Hapakuwa na mahali pa kuandika "hajarudishwa". Akafikiri kidogo, akatia alama kwenye huzuni. Jamani! Bi Mkubwa hakuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa anadai.

Simlaumu yule binti, maana dodoso hakulitunga peke yake na alitaka kufanya kazi yake vizuri. Ninalolaumu ni utaratibu unaoyageuza madai kuwa maumivu. Dai huelekezwa kwa mtu, nalo humtaka ajibu. Maumivu hubaki kwa mwenye nayo, na asiyeyasababisha yeye mwenyewe anaweza kuyasikiliza kwa huruma, akayaandika, akayapanga katika jedwali, akarudi zake nyumbani akiwa na roho nyeupe.

Waliosoma historia watakumbuka kwamba dodoso si jambo geni kwetu. Mwaka 1889 serikali ya Wajerumani ilikata shauri kwamba vitu vya mila vitakavyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na serikali katika makoloni vipelekwe Berlin. Felix von Luschan, aliyesimamia idara ya Afrika na Oceania katika makumbusho ya huko, aliandika mwongozo wa kuwaelekeza maofisa na wasafiri nini cha kutazama, nini cha kuuliza na nini cha kuchukua. Ofisa alikuja na bunduki na mwongozo. Kwa njia hiyo, na kwa njia ya vita, maelfu ya vitu kutoka nchi yetu yakaingia ghala za Berlin, zikiwamo silaha na dawa zilizotekwa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo wanahistoria wengine wanakadiria vilimaliza watu hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Zama zile walichukua kinyago wakaacha moyo. Sasa wamerudi kwa ajili ya moyo.

Watetezi wa utafiti huu husema kwamba mambo ya kurudisha ni magumu. Sheria hazijakaa sawa, wenyewe hawajulikani, vitu ni dhaifu, makumbusho za kwetu hazina vifaa; basi tuanze na hisia, mengine yatafuata. Nawaomba wakumbuke kisa kimoja ambacho hakisimuliwi sana.

Hermann von Wissmann ndiye aliyeletwa na Wajerumani kuzima upinzani wa Abushiri wa Pangani, aliyenyongwa Desemba 1889. Wajerumani walimsimamishia sanamu hapa Dar es Salaam: yeye juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoushika mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu ile, baadaye wakaipeleka London kama ngawira ya vita. Wajerumani wakaitaka. Mwaka 1921 wakapewa, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, ikakaa pale mpaka wanafunzi wa chuo hicho walipoiangusha kwa mara ya mwisho mwaka 1968.

Hebu tuhesabu. Vita vilikwisha 1918, sanamu ikarudi 1921. Miaka mitatu. Ilikuwa ya shaba, nzito, na mataifa yale mawili yalikuwa yametoka kuuana kwa mamilioni. Hakuna mtaalamu aliyetumwa Hamburg kuwauliza wauza samaki wanajisikiaje wakiona picha ya Wissmann. Hakuna aliyesema kwamba hali ya hewa ya Hamburg itaiharibu shaba. Wenyewe walisema ni yetu, wenzao wakasema haya chukueni. Kumbe jambo huwezekana.

Nayo mifupa ya watu? Kichwa cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe hai, kiliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, kwamba Ujerumani ikikabidhi kwa Waingereza katika miezi sita. Miezi sita ile ikawa miaka 35. Gavana Twining ndiye aliyekwenda kukichagua miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen, kikakabidhiwa Kalenga mwaka 1954. Na hata hapo Waingereza walikuwa na hesabu zao za kisiasa, kama kila mwalimu wa historia anavyojua. Lakini walioandika ibara ile hawakumwuliza Mhehe anahisi nini kwanza. Waliandika tarehe.

Nakubali, na ni haki nikubali, kwamba si kila mtafiti ni wa kulaumiwa. Kati ya 2016 na 2018 makumbusho ya Berlin na wataalamu wa Tanzania walifanya kazi pamoja juu ya vitu vilivyotokana na vita vya kikoloni, na kitabu walichokitoa kina Kiswahili ndani yake, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho za Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewapata ndugu walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalikuwa yakihifadhiwa huko; fuvu mojawapo liliandikwa neno "Akida", nalo likaonekana ni la mshauri mkubwa wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikupatikana katika uchunguzi huo. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mahali aliponyongwa Songea Mbano mwaka 1906, akaomba radhi. Mimi si mtu wa kudharau radhi. Wala sidharau uchungu wa familia iliyokaa zaidi ya karne bila kujua kichwa cha babu kiko wapi. Uchungu huo upo, na ni mkubwa. Ninachokataa ni kuufanya uchungu kuwa stakabadhi.

Maana hapo ndipo tunapopelekwa. Ikiwa atakayerudishiwa ni yule anayeonesha hisia, basi itabidi tulie kwanza ndipo tupewe. Na yule mzee wa bandarini aliyesema haoni kitu ila mti, je, amepoteza haki? Mtu aliyeibiwa baiskeli akienda kituoni haulizwi kama alikuwa anaipenda. Huulizwa ni ya rangi gani na namba yake ni ipi.

Sasa niingie kwenye hili neno lao la pili, kuwa wa mahali au wa watu fulani. Wanapenda sana kujua sisi ni wa wapi. Ripoti ya yule binti ilipofika (aliileta, namshukuru, wengi hawaleti) kijana mmoja mwenye lugha alitusomea kwa tafsiri. Sisi watu saba wa barazani tuliandikwa kuwa ni "jamii ya Wazaramo wa mjini". Tulicheka mpaka mzee wa bandarini akakohoa. Katika saba, Wazaramo walikuwa wawili. Wengine ni Mmanyema, Mnyamwezi, Mluguru, Mngazija, na mimi mwenyewe ambaye baba yangu alitoka Rufiji na mama yangu Tabora. Lakini kinyago ni cha Wazaramo, basi na watazamaji lazima wawe Wazaramo. Ripoti ingekwendaje bila kabila?

Hapa mjini hatukukua hivyo. Jangwani na Kariakoo ni mahali ambapo watu wa makabila yote walipanga vyumba katika nyumba moja, wakatumia ua mmoja na kisima kimoja, wakazikana bila kuulizana kwao wapi. Yanga ilianzishwa hapa mwaka 1935, na ofisi yake ipo Jangwani mpaka leo. Anayetaka kupima hisia za watu kuhusu walipo, aje siku Simba inapowafunga Yanga, atajaza madodoso mpaka karatasi zimwishie. TANU nayo ilizaliwa mwaka 1954 katika Mtaa wa Lumumba wa leo, hatua chache kutoka sokoni, na haikuzaliwa na kabila.

Hata jina la Kariakoo ni kumbukumbu ambayo hakuna kabati linaloitosha. Limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambalo Waingereza walilipigisha kambi hapa katika Vita vya Kwanza. Watu wale walibeba risasi na unga kichwani, wakafa kwa kuhara, njaa na homa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya mwenye bunduki. Mpagazi amebaki na soko. Na kwa kuwa wapagazi walitoka kila mahali, hakuna kabila la kuitwa barazani kuulizwa linajisikiaje juu yao, basi hawaulizwi. Sijaona mtaalamu wa hisia aliyekuja na picha ya mpagazi.

Wala sikumwona yeyote Desemba 2011, mvua ilipojaa bonde la Msimbazi na watu wetu wakahamishiwa Mabwepande, wengi wakiwa na nguo walizovaa tu. Picha za harusi, vyeti vya shule, kanga za marehemu mama, vyote vilikwenda na maji. Huo nao ulikuwa urithi wa watu. Ila haukuwa na namba ya makumbusho.

Msomaji ataniuliza: Mwalimu, wataka watafiti wasije? La hasha. Waje, lakini waje kama walivyokuja wengine kabla yao. Marja-Liisa Swantz, mwanamke wa Finland, alikaa na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, akajifunza kutoka kwa wanawake wenyewe, na sehemu kubwa ya yale yanayojulikana vitabuni juu ya mwali na mwanahiti imetokana na subira yake. Baadaye, katika miaka ya 1970, palikuwa na utafiti wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, wa Wafini pamoja na wizara yetu ya utamaduni, ambao shabaha yake ilikuwa wanakijiji washiriki katika kuchunguza mambo yao na watumie matokeo yake. Haukukosa kasoro. Lakini mtu wa kijijini alikuwa na nafasi ya kusema swali lenyewe si sahihi, tuulize lingine. Bi Mkubwa wetu alisema hivyo hivyo barazani, na jibu lake likawekwa kwenye huzuni.

Nasi wa hapa nyumbani tusijifiche nyuma ya Wazungu. Makumbusho yetu ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wao George wa Tano, na kutoka Jangwani mtu mwenye miguu mizuri anaweza kwenda kwa miguu. Ni watoto wangapi wa shule za Kariakoo wamewahi kufika? Na kule Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, nyumba zimepangwa kwa makabila, kila kabila na lake, kana kwamba na sisi tumesoma mwongozo wa Luschan tukaukubali. Mambo ya kurudisha vitu yanajadiliwa katika mikutano ya wizara na mabalozi, na sisi wenye vitu tunasoma gazetini kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri. Mwishoni mwa 2024 lilifunguliwa Berlin, katika jumba la Humboldt Forum, onesho juu ya historia ya Tanzania, nalo lilitayarishwa pamoja na Makumbusho yetu ya Taifa. Ni jambo jema. Lakini viongozi wetu wanapokaa na wenzao katika meza zile, waulize kwanza orodha. Orodha ya vitu vyote, kwa Kiswahili, kila kitu na mahali kilipotoka, aliyekichukua na mwaka alipokichukua, iwekwe katika ofisi za serikali za mitaa na katika shule. Mtu atawezaje kudai asichojua kwamba kipo?

Mwaka jana niliandikia kile chuo cha yule binti, kwa Kiswahili, kwa kuwa wana walimu wa Kiswahili wanaolipwa mshahara. Nikawaeleza kwamba jibu moja katika dodoso lao limeandikwa isivyo, na nikawaomba walisahihishe: mama aliyeandikwa ana huzuni alikuwa ameuliza swali, na swali lake linangoja. Nikawauliza pia ni makumbusho gani hasa yaliyo na kitu kile, na kwa idhini ya nani. Barua niliipeleka posta mwenyewe, nikaisajili, na risiti ninayo. Mpaka ninapopeleka maandishi haya kwa mpiga chapa sijapata jibu.

Namba iliyokuwa kwenye kona ya picha niliinakili siku ile ile nyuma ya daftari langu. Yeyote wa ukoo anayeihitaji apite nyumbani baada ya alasiri, nitampa.